Sitaki Kumuuza Mdakaji Wetu

Mpendwa Bi Lorraine, nakuomba msaada, na univumilie, maana nikianza habari za huyu kijana sijui kunyamaza. Mimi na binti yangu Britta tunamiliki timu moja kwenye ligi ya fantasi ya ukoo wetu, ya futiboli hii yetu ya Kimarekani, ya kofia ngumu, ambapo kila mtu huchagua wachezaji wa kweli na pointi wanazopata uwanjani Jumapili zinakuwa zake, na ligi yetu ni ya kudumu, ukishamchagua mtu ni wako mpaka umuuze au astaafu, na kwa kuwa tuko wawili hauzwi mtu mpaka wote tukubali. Tuna mdakaji mmoja, yule wa kukimbia mbele na kudaka mpira unaorushwa, Dontrell Oakley, ana miaka ishirini na miwili, na Bi Lorraine, huyu kijana akikimbia mimi nasahau kama nina magoti mabovu, anapita pembeni mwa uwanja utadhani hakanyagi chini, mpira unashuka kutoka juu taratibu unamfuata, na theluji inaanguka dirishani kwangu, nami najiona niko huko juu pamoja nao, sijui nimelala au niko macho.

Shida ni kwamba anang'ara wiki moja, wiki tatu haonekani. Binamu yangu Lowell anamtaka, na yuko tayari kutupa mbeba mpira mzoefu, yule wa kupenya nao mkononi, ambaye angetupa kombe mwaka huu bila ubishi. Britta anasema tuuze. "Baba, huyo ni wa kutazama, si wa kushindia," ananiambia. "Wewe umependa mbio, pointi huzioni." Namjibu, "Mwanangu, tulia, wadakaji huiva mwaka wa tatu." Basi tumebishana hivyo tangu Septemba, kila Jumapili, yeye yuko Tucson na mimi huku Duluth, simu iko wazi mchezo mzima, na picha ya televisheni yake hutangulia yangu kidogo, kwa hiyo humsikia akivuta pumzi kabla mimi sijauona mpira ukitua mikononi mwa Oakley, na katika kile kitambo najua jema linakuja ila halijafika, nami natamani likawie.

Jumapili iliyopita niliona kabisa kwamba anasema kweli, nikakataa vilevile. Akasema, "Sawa, baba. Mwisho wa kuuza ni Jumatano, kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Ukikataa tena mimi najitoa, timu ibaki yako." Tangu hapo sina raha. Naogopa kumuuza kijana na naogopa kubaki naye. Niambie, ana thamani gani hasa?

Orrin, Duluth

Bwana Orrin,

Nimelea wavulana wanne na mume mmoja, wote wagonjwa wa mchezo huu, kwa hiyo kaa nikujibu ulichouliza kwanza.

Mdakaji mchanga hapimwi kwa mbio. Mtazame mrushaji wake, yule anayewatupia wadakaji mipira, akibanwa, macho yake yanamtafuta nani. Yakimwendea Oakley kila mara, hata mipira mingine ikimponyoka, mshike huyo kijana usimwachie mtu. Lakini kama anatupiwa mmoja mrefu wa kubahatisha na iliyobaki wanapewa wenzake, ujue walimu wake hawajamwamini, na wao wanamwona mazoezini kila siku, wewe unamwona Jumapili umesinzia kwenye kochi. Wiki tatu haonekani, umesema mwenyewe. Kwa sasa huyo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Pengine ataiva, lakini mwenye kumtaka leo ni Lowell, na mwanao ameliona hilo mapema kuliko wewe.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Nakuonea huruma, baba wee, lakini usinifanye mjinga. Huogopi kumkosa Oakley. Unaogopa ubishi ukiisha, simu nayo itanyamaza, ndiyo maana ukamwambia hapana mtoto aliyesema kweli. Na yeye anadhani humsikii. Hebu fikiri, mwanamke mzima, ana kazi zake na jua lote lile la Tucson nje, anakaa ndani Jumapili nzima na simu sikioni akimsikiliza mzee akikohoa. Hilo analifanya kwa ajili ya mbeba mpira? Aibu, Orrin, una mtoto anayekupenda halafu unamtega kwa kijana wa watu.

Fanya hivi. Leo hii, usingoje Jumatano, mkubalie Lowell, lakini mwambie aongeze na zamu yake ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya mwakani. Aliyekuja mwenyewe kubisha hodi ataongeza tu. Zamu hiyo ni ya Britta, achague kijana anayemtaka yeye, na wewe uwe mpinzani kama kawaida yako. Ukishamaliza, mwandikie Britta kwamba alisema kweli, na usiongeze "lakini" yoyote.

Halafu subiri siku ya kazi, isiyo na mchezo wowote kwenye televisheni, umpigie. Atapokea kwa hofu, akuulize nani amekufa. Mwambie hakuna aliyekufa, umemkumbuka tu.

Bi Lorraine