Ushuhuda Nilioutoa Mbele Yako

Mpendwa Baba,

Leo ni wiki ya sita tangu tukuzike Machakos, na bado sijalia. Shangazi, dada yako, ananitazama kama mtu anayengoja sufuria ichemke. Nilimwambia nimekufa ganzi, akasema ganzi huisha. Nimeamua kukuandikia kabla haijaisha, maana ikiisha huenda nikaogopa.

Unakumbuka mwaka ule wa koti? Ilikuwa mwisho wa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mama alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, tumebaki wawili katika nyumba yetu ya Maringo, Nairobi. Kanisa langu lilichagua vijana wanane waende Uswidi kwa miezi mitatu, kuimba na kuhubiri, nami nikawa mmoja wao. Wewe hukuwa mtu wa kanisa lile. Uliendesha lori la kiwanda cha magunia kule Industrial Area, na Jumapili nyingi zilikukuta kwenye barabara ya Mombasa. Lakini habari ya safari ilikuingia kuliko ilivyoniingia mimi. Ulienda soko la mitumba la Gikomba kunitafutia koti la baridi, ukarudi umelivaa wewe mwenyewe, jua la Januari likiwaka, jasho likikutiririka mpaka kwenye kola. Jirani yetu Mama Otieno akakuuliza kama ni malaria. Ukamjibu kwamba unalijaribu kama linafanya kazi.

Tulipofundishwa kula kwa uma na kisu nyumbani kwa mmishonari, ulitaka nikufundishe na wewe. Tuliketi na ugali na sukuma wiki, ukaukata ugali vipande vidogo vidogo kama mtu anayepima kitambaa, kisha ukasema hawa Wazungu lazima wanalala njaa. Nilicheka sana siku ile. Sikumbuki kama nilicheka nawe hivyo tena.

Kila mmoja wetu alitakiwa awe na ushuhuda. Kiongozi wetu alikuwa Ndugu Wycliffe, karani wa kiwandani, na kila Jumamosi alitusimamisha mmoja mmoja tueleze kwa Kiingereza tulivyookoka. Kijana mmoja alikuwa amewachomolea watu pesa mifukoni stendi ya mabasi. Mwingine alikuwa amevuta bangi mpaka akasahau njia ya kwao. Mimi nikasimama nikasema nilizaliwa, nikaenda shule ya Jumapili, nikaokoka kwenye kambi ya vijana. Nikaketi. Hakuna aliyesema amina.

"Dada, ni mzuri," Ndugu Wycliffe akaniambia kwa upole. "Lakini hauna shimo. Bwana alikutoa wapi?"

Hakuniambia nidanganye. Nataka hilo lijulikane, maana ni mtu mwema na bado yu hai. Nilirudi nyumbani nikatafuta shimo, na nililoliona lilikuwa lako. Mama alipofariki ulikunywa pombe kwa miezi minne. Ulikunywa kimya kimya, ukirudi unalala mlangoni kwa sababu uliona haya kunigongea. Kisha ukaacha, bila mhubiri na bila kiapo. Hukunipiga hata siku moja. Hukunitukana. Lilikuwa shimo fupi sana, ikabidi nilichimbe.

Jumamosi iliyofuata nikasema baba yangu alikuwa mlevi wa kupindukia, na kwamba jioni moja alininyang'anya Biblia akaitia kwenye jiko la makaa mbele ya macho yangu, nikaokoa ukurasa mmoja tu, na kwa maneno ya ukurasa ule nikampata Bwana. Msichana mmoja akalia. Ndugu Wycliffe akafumba macho. Alipoyafumbua aliniuliza kama wewe unajua kwamba nitayasema haya, nikajibu unajua, na umetubu. Wakati huo Biblia yenyewe ilikuwa mapajani mwangu, ndani ya jalada ulilonishonea kwa kipande cha turubai la lori na sindano ya magunia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Uswidi.

Ibada ya kutuaga iliwekwa Jumapili ambayo ulipangiwa Mombasa. Nilikuwa nimehakikisha. Nisichojua ni kwamba ulikuwa umebadilishana zamu na dereva mwenzako ili uje unione. Nilikuona nimeshapanda jukwaani: safu ya tatu, suti yako ya harusi, kofia magotini.

Nilisema kwa Kiingereza kama tulivyofanya mazoezi, na Ndugu Wycliffe akatafsiri kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Wewe Kiingereza hukukijua. Kwa hiyo kila nilichosema kilikupita huku ukinitabasamia kwa fahari, halafu kikakurudia kwa sauti ya mtu mwingine. Kati ya sentensi yangu na yake palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kunyamaza, na sikunyamaza. Nilisema ulikuwa mlevi, ukatabasamu. Ikatafsiriwa, ukaitazama kofia yako. Niliposema umeichoma Biblia nilisita, nikakuangalia, kisha nikaendelea. Tiketi ilikuwa tayari, sanduku lilikuwa tayari, na ulimi ulikuwa umekariri. Nilikuwa nikijisikiliza kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Nilipomaliza, mchungaji akauliza kama kuna mzazi wa huyu binti. Ukasimama. Nilijua kwamba ukisema "si kweli", maneno hayo mawili tu, siendi popote, na ungekuwa na haki. Ulitembea polepole mpaka mbele, ukaligeukia kanisa.

"Mimi sina maneno ya kanisa," ukasema. "Huyo baba mmesikia habari yake, ni mimi. Naomba mniombee. Na mumwombee mtoto asafiri salama."

Kanisa zima likainuka kwa makofi na nyimbo. Wazee wakakuzunguka, wakakuwekea mikono kichwani, wakakuokoa palepale bila kukuuliza kama ulikuwa umepotea. Mimi nilisimama kando. Sikuona aibu, sikuona furaha, sikuona chochote. Watu wanadhani ganzi hii ilianza Machakos. Ilianza pale.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, nikingoja uniulize. Ulinunua maziwa njiani. Ulichemsha chai. Ulinisaidia kufunga sanduku, ukalikalia juu ili kufuli lishike, na ulipokuwa umelikalia hivyo ndipo ulipozungumza, ukiangalia ukuta. Uliniita mwaitu, mama yangu, kama ulivyoniita siku zote kwa sababu nimepewa jina la mama yako.

"Mwaitu, pale kwa Biblia ulisimama kidogo. Huko usisimame. Watajua."

Nikasema, "Ndiyo, baba." Tukanywa chai.

Huko sikusimama. Nilisema kila mahali tulipopelekwa, nimevaa koti lako, na kila mahali watu walitoa vitambaa wakafuta machozi. Bibi mmoja alinikumbatia akanipa Biblia mpya badala ya ile iliyoungua. Nilimshukuru. Nilikuandikia postikadi tatu, zote kuhusu theluji.

Niliporudi nilikukuta umekuwa mtu maarufu. Maringo yote ilikujua kuwa ndiwe yule mzee aliyechoma Neno la Mungu, na wanawake waliochota maji mferejini walipunguza sauti ukipita. Ulianza kuja kanisani kila Jumapili ambayo hukuwa safarini, ukikaa benchi la nyuma, na wageni wakija uliombwa usimame wakuone. Ulisimama. Miaka saba, baba, ulisimama ili niwe mkweli. Mara mbili nilijaribu kulizungumza nawe. Mara zote mbili uliniuliza kama nimekula.

Siku ya maziko mhubiri aliisimulia tena, kaburi likiwa wazi. Alisema hapa amelala mtu aliyeichoma Biblia, na binti yake akamvuta kutoka motoni. Shangazi aligeuka akanitazama, kwa sababu anajua ulikuwa mtu wa kukemea hata anayeweka kikombe juu ya Biblia. Alingoja niseme kitu. Nikasema amina.

Sasa mimi ndiye ninayefundisha vijana wa kanisa lile, na kuna kundi lingine linalojiandaa kwenda ng'ambo. Wameniomba niwasimulie habari ya ukurasa uliosalia, waone ushuhuda unavyopangwa. Nimeahirisha mara mbili. Juzi nikamwendea mchungaji nyumbani kwake nikamweleza yote. Alizungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na chai.

"Dada," akasema, "ushuhuda huo umeleta watu wengi kwa Bwana. Na mzee amepumzika. Kuusahihisha sasa kutamsaidia nani?"

Nilimwambia kwamba kuna watu hawakukuamkia kwa mkono kwa miaka saba, na wengine wao wangali wanakaa benchi la mbele. Nilimwambia pia kwamba wale vijana wanane wapya watakwenda nyumbani kutafuta mashimo, na wana baba zao. Alishusha pumzi. Akanipa nafasi Jumapili hii, baada ya matangazo, akaniomba niwe mfupi.

Basi nitaisoma barua hii kama ilivyo. Wakiniondoa kwa vijana, wataniondoa, na sijui nitafanya nini na Jumamosi zangu, kwani kazi hiyo ndiyo pekee ninayoipenda. Ningetaka kukuahidi kwamba nitalia pale mbele na kanisa lilie nami. Lakini nimeshaliza watu wengi, najua inavyofanywa, na sitaki kuifanya kwa jina lako tena. Nitasoma tu. Huenda nikashuka jukwaani nikiwa vilevile, mkavu, Shangazi akiningoja na leso yake. Nitakuwa nimesema hata hivyo.

Wewe uliyeketi benchi la nyuma kwa ajili yangu, pumzika. Na wote mliokuwa kanisani siku ile, mkamwekea mikono, sikieni kwa lugha ambayo yeye aliijua: baba yangu hakuchoma kitu.

Binti yako