Kitambaa cha Siti ya Nyuma

Jumapili, tarehe 3 Machi

Wifi yangu,

Salamu nyingi. Natumai barua hii inakukuta salama na ule mgongo wako umepoa. Sisi hatujambo, ila Kibonge ana mafua kidogo, kesho ukimpakia mfungie dirisha la upande wake.

Nakuandikia kwa sababu namba yangu umeifunga kwenye simu yako. Kaka yako nilimwomba atupatanishe, akasema, "Nyie mtaelewana wenyewe," akajifunika shuka mpaka kichwani. Ametoka lindo usiku kucha, simlaumu. Basi barua naiweka kwenye mfuko wa nepi za mtoto. Ukitaka kujibu, weka humo humo.

Kwanza ahsante kwa kukubali kumpeleka kituo cha kulelea watoto asubuhi na kumrudisha jioni kwa jirani wa chini. Mimi natoka alfajiri kwenda kufua mashuka hospitalini, bila wewe sijui ningefanyaje. Natoka mtoto bado amelala, na gari lako silioni wiki nzima. Ndiyo maana moyo haunitulii.

Kile kiti chekundu ulichomletea sikukirudisha kwa dharau, ingawa uliniambia mbele ya wageni kwamba nina roho mbaya. Ni kizuri, lakini kinamtazamisha mtoto mbele. Muuguzi wa kliniki alituonyesha kwa mdoli. Alimjaza mchanga kichwani, akasema mtoto wa mwaka na nusu kichwa chake kizito na shingo bado laini. Akamkalisha kwenye kigari akitazama mbele, akakisukuma, akakisimamisha ghafla. Kichwa kikatupwa mbele, wote tukashika midomo. Akamgeuza atazame nyuma, akafanya vile vile. Mgongo wote ukapokelewa na kiti, kichwa kikatulia. Tangu siku ile nikifumba macho namwona yule mdoli, na uso ni wa Kibonge.

Dukani nilizunguka mpaka muuzaji akachoka na mimi. Kilikuwapo cha mtoto mchanga, Kibonge akakijaza kama unga kwenye kopo. Kilikuwapo cha kutazama mbele tu, kama chako. Nikachagua hiki kikubwa kinachofungwa pande zote mbili, atazame nyuma mpaka afike kimo na uzito ulioandikwa ubavuni, ndipo tukigeuze. Nilikifunga mwenyewe jana kaka yako alipokuwa analiosha gari lako. Nakuomba wifi, kikae hivyo hivyo.

Wifi yako,
Mama Kibonge


Jumanne, tarehe 5 Machi

Mama Kibonge,

Salamu zimefika. Mimi mzima na mgongo mzima, usijihangaishe. Barua yako nimeikuta katikati ya nepi, mahali panapoifaa.

Huyo muuguzi wako ana gari? Mimi nilishika usukani wewe hujajua hata kufungua mlango. Wanangu wawili walikua wakipakatwa mapajani, leo wana ndevu na shingo zao ziko pale pale nilipoziacha. Halafu wewe wa darasa la tano ndiye unifundishe.

Mtoto anakaa kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Uso kwenye siti, miguu imekunjwa kama chura. Jana wateja wangu wawili wa saluni walichungulia dirishani wakaniuliza, "Huyo kakosa nini?" Nikaona aibu. Na viatu vyake je? Kava zangu za siti mpya, kila mahali visigino. Gari langu si ubao wa kuchorea.

Kile kiti chekundu nilikichagua saa nzima, na wewe ukanirudishia kimefungwa kamba kama kuku wa sokoni. Usidhani nimesahau.

Mwenye gari,
Shangazi yake


Jumatano, tarehe 6 Machi

Wifi yangu,

Salamu. Natumai umelala vizuri, mimi sikulala.

Habari ya miguu usinitishe nayo. Kibonge hata kwenye mkeka anakaa hivyo hivyo kama chura, na usingizini pia, na hajawahi kulalamika. Mguu ukichoka kukunjwa utanyooshwa. Shingo je? Hata kuliandika hilo siwezi.

Wateja wakikuuliza tena kakosa nini, waambie kakosa shangazi mwenye subira.

Darasa la tano ni kweli niliishia, na wewe ulilijua hilo tangu siku nilipoolewa, hujaacha kulisema. Sijawahi kukujibu. Leo pia sikujibu, nakuomba tu. Mtukane mama, mtoto mwache alivyofungwa.

Kuhusu kava zako una haki, mimi nisingependa pia. Nimekushonea kitambaa kutoka kwenye shuka langu jeupe. Kitundike kwa kamba nilizokishonea pembeni kwenye mgongo wa siti ya nyuma, pale visigino vyake vinapogonga. Kila Ijumaa nirudishie kwenye mfuko, nitakifua na kukipiga pasi, Jumatatu unakipata kimenyooka. Kufua ndiyo kazi yangu, haitanishinda.

Wifi yako,
Mama Kibonge


Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mama Kibonge,

Salamu kwenu. Kitambaa kimetundikwa. Ijumaa ya wiki ijayo utakipata. Umeshinda, haya furahi, na mimi nipumzike.

Shangazi yake


Ijumaa, tarehe 15 Machi

Wifi,

Habari za kwako. Za kwangu si nzuri.

Kitambaa kimerudi. Nilidhani macho yangu yamechoka, nikakipeleka dirishani, nikakigeuza huku na huku. Mimi nafua mashuka ya watu kutwa nzima, shuka lililolaliwa na lisilolaliwa nalijua hata kwenye giza. Wiki yote hii mvua. Kituoni watoto wanachezea uwanja wenye tope, kila jioni viatu vya Kibonge navikwangua kwa kijiko cha zamani. Kitambaa kinanukia pasi yangu! Cheupe kama kilivyotoka kwenye cherehani.

Miguu ya mtoto ilikuwa wapi, wifi?

Nimemuuliza kaka yako. Amekohoa. Nikamuuliza tena, akasema, "Mimi nampakia tu kwenye mlango." Kumbe unampokea vizuri, ukifika mbele unamgeuza, jioni unamshusha kwa jirani mimi sijarudi. Wiki nzima nanyoosha mashuka nikijua mwanangu amekaa salama, na wewe unajua hakukaa. Nilikuwa nawaambia wenzangu kazini, "Wifi yangu mkali lakini mwelewa." Niliwaambia hivyo kwa mdomo wangu.

Ungenikatalia ningejua. Hukunikatalia, uliniandikia kwamba nimeshinda.

Barua hii kaka yako atakuletea akienda lindo. Jumatatu usipite kwetu. Kibonge hapandi tena.

Mama yake


Jumamosi, tarehe 16 Machi

Mama Kibonge,

Leo salamu sina.

Kumbe kitambaa kilikuwa mtego! Mtu anakubebea mtoto wako kwa mafuta yake, wewe unampekua kama polisi. Ndiyo, nilimgeuza. Tangu siku ile ile nilipokitundika, kwenye kona baada ya duka la dawa nilisimama, nikafungua mikanda, nikamgeuza atazame mbele kama binadamu. Akapiga makofi. Hujawahi kumwona akipiga makofi vile, kwa sababu asubuhi hukuwapo.

Na kaka yangu aliniona Jumanne, akanyamaza kimya. Muulize anaogopa nani kati yetu.

Haya mbebe mgongoni, nenda naye kwenye mashine zako za kufulia, huko ndiko salama. Hicho kiti chako njoo ukichukue, kinanijazia gari. Na usiniandikie tena.

Mwenye gari


Jumatano, tarehe 27 Machi

Wifi,

Natumai hamjambo. Barua hii nimempa kaka yangu mkononi maana mfuko wa nepi siuoni tena. Nimemwambia asipokufikishia asinikanyagie saluni.

Amenieleza kwamba unatoka na mtoto alfajiri na mvua hii, unamwacha kwa mlinzi wa geti la hospitali, na msimamizi wako ameshamkuta mara moja kwenye chumba cha mashine. Una akili kweli wewe? Mashine zile zina maji ya moto!

Usidhani naomba radhi. Naeleza tu.

Kazi yangu yote ni kioo. Mteja akikaa kwenye kiti changu simtazami yeye, namtazama kiooni. Tunaongea humo, tunasengenya humo, wengine wanalia humo humo huku nawasuka. Uso wa mtu nimezoea kuuona hivyo. Wanangu wameondoka, wakipiga simu wanauliza mvua imenyesha, basi. Asubuhi mwanao akitazama nyuma, mimi nikiinua macho kwenye kioo cha gari naona plastiki. Nyeusi. Namwita, hajibu. Sijui kalala, sijui kalia, sijui kapaliwa na biskuti. Naendesha kama nimepakia friji.

Nikimgeuza namwona. Kwenye taa nyekundu ananitolea ulimi, na mimi namtolea wangu. Taa ikiwaka kijani anakasirika. Ni hilo tu. Sikutaka kumwumiza mtu.

Kiti sijakitoa. Makombo yake pia bado yapo, sijui kwa nini sijayafuta.

Shangazi yake Kibonge


Alhamisi, tarehe 28 Machi

Wifi,

Salamu nimezipokea. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili polepole maana mwandiko wako ni mbaya kuliko wangu wa darasa la tano.

Hasira yangu iko pale pale. Ungeniambia hivyo siku ya kwanza, nani angekucheka? Wewe ukaniletea habari za chura na kava. Nimebeba mtoto kwenye mvua, mafua yamerudi, na msimamizi ameniambia akimwona tena karibu na mashine nisirudi kazini. Mlinzi wa geti ni mtu mwema, lakini anasinzia.

Na wewe nawe! Saluni imejaa vioo ukutani mpaka mteja hajui atazame kipi, halafu unaniambia umekosa namna ya kuuona uso wa mtoto? Vioo vyote hivyo, umeshindwa kumfungia kimoja? Mtoto akitazama nyuma, mbele ya uso wake pana kile kiegemeo cha kichwa cha siti. Funga kioo hapo. Wewe unainua macho kwenye kioo chako cha gari, hicho kinaona kile, kile kinamwona yeye. Umeshinda mbele ya vioo miaka yote hiyo mpaka dobi akuambie?

Kisiwe cha glasi, nakuonya. Kiwe cha plastiki, chepesi, na ukifunge hasa kisije kikamrukia. Ulimi mtoleane kwenye taa nyekundu tu. Gari likitembea, macho barabarani.

Jumatatu kaka yako atampakia. Nimemwambia safari hii asiishie mlangoni, aingize kichwa ndani, na akikohoa tena atalala lindoni. Kitambaa kimo mfukoni. Usiniandikie kwamba nimeshinda, usiniandikie chochote. Maneno yako nimeshayasoma, wiki ijayo nitasoma kitambaa. Kikirudi cheupe, mimi na wewe basi.

Mama Kibonge


Ijumaa, tarehe 5 Aprili

Wifi yangu,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na kazi zinakwenda.

Jioni hii nimefungua mfuko kabla sijavua viatu. Barua yako sikuikuta. Nimekuta nepi, nusu ya biskuti iliyolowa, na kitambaa umekikunja vizuri, kama kitu cha kwenda kwa wakwe.

Nimekitandaza kitandani. Wifi, ni uchafu mtupu! Visigino viwili vimekanyaga chini, cha kulia kimekolea zaidi, ndicho cha mguu wake wa kupigia mateke. Juu kidogo pana vidole vitano vidogo, nikajua siku hiyo alivua kiatu kimoja kama kawaida yake, nawe hukumvalisha. Pembeni ametapika kidogo. Kaka yako akaniuliza nalia nini, nikamwambia tope limenishinda kutoa.

Sijakifua. Nimeshona kingine, kimo mfukoni, Jumatatu utakikuta.

Usidhani tumepatana. La darasa la tano sijalimaliza moyoni, na namba yangu bado imefungwa, nimejaribu sasa hivi.

Ila jambo moja nikuambie, uwe unalijua. Baada ya kuoga, Kibonge alisimama mbele ya kioo cha kabati. Akakitolea ulimi. Akasubiri. Akakitolea tena, akagonga kioo kwa kiganja, akanigeukia kwa hasira, kama mimi ndiye niliyekuficha humo.

Wifi yako,
Mama Kibonge