Msibonyeze Tena Programu ya Zuhura

Mji Mkongwe, Unguja
Jumatano, baada ya alasiri

Kwa mume wangu, Baba Zuhura,

Assalaam alaykum.

Naanza kwa kukuuliza sikio. Linauma bado, au yale matone yamesaidia? Na vidonge vya presha unameza kila asubuhi, au unangoja ukumbushwe? Mimi sipo, basi jikumbushe mwenyewe. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Zuhura mzima, mkweo Khamis mzima, na mjukuu wetu Salma anazidi kunona, mashavu yamejaa mpaka shingo haionekani. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia, na ndio maana nimeshika kalamu.

Najua utasema, mke wangu na barua tangu lini. Ningekutumia sauti, lakini wewe ukisikiliza sauti unaifungulia mpaka mwisho kwa ajili ya sikio lako, duka zima linasikia, na aliyekuja kununua chumvi anaondoka na habari zetu. Barua utaisoma kwa macho yako. Nimeiandika mwenyewe, kwa elimu ile ile ya darasa la watu wazima, usiyacheke maandishi yangu. Nimempa Bi Mosi anayerudi huko Jongowe kesho, nimemwambia akutie mkononi.

Baba Zuhura, nimefanya kosa. Nakueleza toka mwanzo.

Unaijua kazi ya mwanao, ile programu ya simu aliyoitengeneza, Maji Leo, inayoonyesha saa ya maji kujaa na saa ya kupwa na siku za bamvua. Dada yako Mize haendi kutafuta pweza mpaka aifungue kwanza. Huku nimeambiwa hata wanawake wa mwani wa Uroa wanayo, na wanaotembeza wageni. Mtu anaishusha bure. Siku zote nikijiuliza, kitu cha bure kinamlisha vipi mwanangu? Nilipokuja kumkalia arobaini yake ya uzazi ndio nikamuuliza, nnamkanda mgongo.

Akanambia, "Mama, chini pale kuna tangazo. La sabuni, la simu, la gari, lolote. Wenye sabuni wanailipa kampuni ya matangazo, kampuni inanipa mimi fungu langu. Tangazo likionekana, napata kidogo. Mtu akivutiwa akalibonyeza, napata zaidi."

"Akilibonyeza tu?"

"Ndiyo, Mama."

Wallahi sikuuliza tena. Akili yangu ilikuwa nshaipeleka kwengine.

Unajua alivyotaka Zuhura. Hoteli ile anayofanya kazi mapokezi wamempa likizo ya uzazi, na yeye niya yake asirudi, akae nyumbani na mtoto, aishi kwa programu zake. Kazi ya umeme ya Khamis leo ipo kesho haipo. Mwanangu alikuwa akihesabu kuwa matangazo yakiongezeka kidogo tu, basi, hoteli anaiaga. Na mimi moyo wangu ulikuwa hapo hapo. Mtoto mchanga alelewe na mamake, ndivyo nnavyojua mimi.

Sasa wewe unajua mzazi akiwa ndani ya arobaini nyumba haikauki watu. Siku ya mwanzo alikuja Bi Rukia, jirani wa chini, na sabuni mbili na pampasi, anaona haya kuwa zawadi ndogo. Nikamvuta ukumbini. Nikamwambia, "Bi Rukia, kuna zawadi nyengine, haina gharama." Nikamuonyesha kwenye simu yake. Akabonyeza.

"Tu hivi?"

"Tu hivi."

Akabonyeza tena, akacheka, akabonyeza mpaka kidole kikachoka.

Basi kuanzia siku ile Bi Rukia kaifanya kazi yake. Kila mwanamke anayekuja anakalishwa ukumbini kwanza, anaungwa na waifai ya Khamis asije kumaliza bando lake, anabonyeza, halafu ndio anaingia ndani kumuona mtoto. Bi Rukia anasimama mlangoni na buibui lake, "Hupiti! Toa vidole kwanza!" Yupo mmoja, shoga yake Zuhura wa hotelini, kasema, "Mimi leo gari nshalibonyeza mara kumi na mbili." Bi Rukia akamjibu, "Na utalipitisha wapi, na kichochoro chetu vespa mbili hazipishani?" "Ntaliweka juu ya paa." Tulicheka mpaka Zuhura akaita kutoka chumbani, "Mnacheka nini huko?" Nikamwambia, "Mambo ya wakubwa."

Nilitaka iwe siri. Nilisema siku akitoka arobaini ntamwambia, hii ndiyo tunza tuliyokutunza. Na nyinyi huko nikakutieni, nikampigia wifi yangu Mize, nikamwambia awakusanye wanawake wote wenye simu, wabonyeze. Mize hakuniuliza kwa nini. Alisema tu, "Kwa Zuhura? Hata usiku na mchana."

Wiki mbili hizo, Baba Zuhura, sijapata kuona furaha kama ile. Zuhura ananionyesha simu, "Mama, angalia, sijui watu wametoka wapi, wameipenda!" Kanikumbatia na mkaja wake tumboni, mimi nimeinama kama nnamfunga mtoto, najichekea. Akaanza kuandika barua ya kuacha kazi hotelini. Alhamdulillahi hakuipeleka.

Siku moja nnamchanganyia uji wa pilipili manga, nikasikia kimya. Nikaingia. Kashika simu, uso umemgeuka. Nikamuuliza nani kafa. Akasema hakuna aliyekufa, Mama, wamenifungia. Kampuni ya matangazo imesimamisha hesabu yake. Wamemuandikia kuwa matangazo yake yanabonyezwa si kwa kweli, na kuwa wanachunguza.

Nikauliza, "Si kwa kweli vipi?"

"Sijui, Mama. Labda nimekosea mimi. Labda nimelitia tangazo karibu na kitufe, watu wanaligusa bila ya kutaka."

Akafungua kompyuta yake, akawa anatafuta kosa. Siku mbili, Baba Zuhura. Mtoto mkono mmoja, kompyuta mkono mmoja. Anafuta, anaandika, anafuta. Chakula hali. Maziwa yakapungua, Salma anavuta, hapati, analia. Na mimi nipo hapo hapo nnaangalia, najua, na ulimi umekufa. Nilikuwa naogopa. Mtoto wako mwenyewe ukamuogopa, lipo jambo kama hilo? Lipo.

Siku ya tatu asubuhi nnamfunga mkaja, nimesimama nyuma yake. Nadhani kwa vile sikuwa nnamuona uso. Nikasema, "Zuhura, usitafute tena. Kosa haliko humo. Ni mimi."

"Wewe vipi, Mama?"

"Nimewabonyezesha watu."

"Watu gani?"

"Waliokuja kukutizama."

"Wangapi?"

"Wote."

Akageuka na mkaja nusu haujafungwa, akanambia, "Na wote kwa waifai yetu, kutoka nyumba moja?" Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nawaonea huruma bando lao. Akakaa kitandani. Nilidhani atalia. Akaanza kucheka, akacheka, halafu ndio akalia kweli. Nikakaa naye. Hakunifokea. Bora angenifokea.

Baadaye ndio akanieleza, na mimi nakueleza wewe ili ufahamu kama nilivyofahamu. Kasema, chukulia duka la Baba. Waje watu arobaini, kila mmoja amwambie nishushie kile, nishushie kile, na hakuna anayenunua, na kila kinachoshushwa Baba analipishwa. Yule mwenye sabuni analipia kila kidole. Kidole cha Bi Rukia kalipia, cha yule shoga wa hotelini kalipia, na sabuni yake hakuinunua hata mmoja. Nilipofikiria wewe umesimama pale na sikio lako unawashushia watu vitu na unalipishwa, nikaona haya, nikawa nastaghfiru. Tumewatia hasara watu hatuwajui, na sisi tukijiona tunafanya wema.

Kampuni inaruhusu kujitetea. Zuhura akaandika kwa Kiingereza, akanifasiria. Alikuwa kaandika kuwa hajui yaliyotokea. Nikamwambia hapana, andika kweli. Andika ni mamaangu. Akasema, "Mama, nani atakayeamini?" Khamis akadakia, "Wao wanatafuta genge la wezi wa mitandao, kumbe wanawake wamekuja kuona mtoto." Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Akaandika. Kaandika kuwa kwetu mtu akizaa watu huja na walichonacho, na mamake hakujua.

Jibu limekuja jana. Wamemfungia mwezi mmoja, tangazo linaonekana lakini yeye halipwi, na fedha ya wiki zile mbili wamewarejeshea wenye matangazo. Hilo la fedha nimelishukuru. Lakini wamesema yakitokea tena, wanamfunga moja kwa moja, kwa jina lake, na hatofunguliwa tena maisha. Programu ile na nyengine yoyote atakayotengeneza.

Na huko kwetu bado wanabonyeza! Nimempigia Mize mara tatu. Namwambia, wifi acheni, inatosha, yeye anacheka, "Wewe na haya zako, hatuachi mpaka mtoto atoke arobaini." Anadhani nasema acheni kama tunavyosema tukiletewa sinia la pili. Nimemwambia kweli wifi, nakuapia, akasema, "Ndivyo ulivyosema na kwenye harusi yako." Kwa hiyo mimi sisikiki. Wewe utasikika. Msomee barua mpaka hapa, kisha simama naye mwende kwa kila aliyeambiwa. Programu waendelee kuitumia, waangalie maji yao kama kawaida, hilo halina neno. Tangazo wasiliguse kwa ajili ya kumsaidia mtu. Akiitaka sabuni kweli, aguse. Haitaki, aache. Waambie Zuhura kasema ahsanteni, na kasema kweli, kaniambia nyoyo zenu kaziona.

Kuanzia hapa usimsomee Mize. Hapa ni yako peke yako.

Baba Zuhura, mwezi huu hakuna kitakachoingia, na akifunguliwa mwezi ujao sijui watu wa matangazo watamuamini kwa kasi gani. Zuhura anarudi hotelini likizo ikimalizika. Hakusema kwa ajili yangu, lakini nimeiona ile barua ya kuacha kazi kaichana vipande, kaitia kwenye pipa la pampasi, ili nisiione. Hoteli haipokei mtoto mchanga. Khamis akipata kazi ya waya Mangapwani au wapi anaondoka alfajiri. Wamekuwa wakizungumza taratibu, wakidhani nimelala mchana, kutafuta msichana wa kumshika mtoto. Nani huyo? Mtoto hajatimiza hata miezi mitatu akashikwe na mtu asiyemjua?

Nnataka kubaki. Si arobaini tu, nibaki mpaka Zuhura asimame tena. Inaweza kuwa miezi. Najua nnachokuomba. Ukitoa arobaini hii, hatujapata kuachana zaidi ya siku za msiba tangu unioe. Najua wewe ukipika wali unaungua chini na juu haujaiva. Kula kwa Mize, mimi ntazungumza naye, usione haya, ni dadako. Kuku wape pumba asubuhi. Shati lako jeupe la Ijumaa liko chini ya sanduku, nililikunja mwenyewe kabla sijaondoka. Usiku nikimpakata huyu mtoto natafuta nani kafanana naye, na nimeona: akikasirika anakunja kipaji kama wewe unapokatwa bei. Nakukumbuka kwa hilo, na kwa mengi mengine ambayo sitoyaandika, kwa sababu Bi Mosi simuamini sana.

Nisalimie Mize, na mumewe, na watoto wake wote. Nisalimie Mwalimu wa chuo cha Kurani, mwambie Zuhura anaomba dua yake. Nisalimie jirani yetu mama wa mapacha, sahani yake nilisahau kuirudisha, iko huko juu ya kabati letu. Khamis anakusalimia, anasema shikamoo Baba. Zuhura anakubusu mikono. Salma kalala, akiamka nitamsalimia kwa niaba yako.

Zuhura hajui kama nimekuomba hili, nimeandika yeye akiwa bafuni anajifukiza. Ukiona huwezi, nambie, ntarudi siku ya pili baada ya arobaini na hatojua kamwe kuwa niliomba. Ukikubali, usinipigie mimi, mpigie yeye. Mwambie ni wewe uliyetaka nibaki, ni wewe uliyenikatalia kurudi. Mimi ntajifanya nimelazimishwa. Kanisamehe kwa wepesi mno, Baba Zuhura, na akijua nabaki kwa ajili ya kosa langu hatonikubalia.

Mkeo akupendaye,
Mwanajuma, Mama Zuhura