Saini za Soda

3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Kwa hiyo simu ilipokatika ulikuwa umefika pale pa kumwita mume wangu "fundi wa vyoo", na mimi nilikuwa sijamaliza kukujibu. Natumaini kifua kimetulia na bosi wako bado anakuachia funguo za ofisi. Sisi tu wazima. Mimi hata nimenenepa. Hii ni wiki ya sita ya ndoa, na bado nikisikia baiskeli yake ikigonga lile jiwe la mlangoni moyo unaruka kama wa mtoto aliyesikia kengele ya kwenda nyumbani.

Ndiyo, ni fundi wa vyoo. Na wa mabomba, na wa matangi. Jana alirudi ananuka mtaro wa zahanati, akaoga mara mbili kabla ya kunisogelea. Niambie ni karani gani huko kwenu anayemwogea mkewe mara mbili.

Mtaro huo ndio ulionikalisha niandike. Majitaka ya zahanati na ya shule yanapita wazi nyuma ya nyumba zetu, rangi yake kama chai ya maziwa iliyolala. Tulifurahi kusikia Mfuko wa maji unaoufanyia kazi utatujengea mabwawa ya kuyasafisha. Kisha nikaiona ramani ofisini kwa Mwenyekiti wa kijiji. Mabwawa yamewekwa juu kilimani. Chini yake, hatua mia mbili tu, ndipo ilipo chemchemi tunayokunywa sote. Kwenye ramani chemchemi haipo. Pameandikwa "eneo lisilotumika".

Mtaalamu aliyeichora tunamwita Bwana Kioo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona zaidi ya uso wake juu ya kioo cha gari. Alikuja siku moja wakati wa kiangazi, akauliza njia ya kurudia, akaondoka. Mtu anayeogopa vumbi kiasi hicho ndiye amepewa kazi ya kupanga kinyesi cha watu.

Faili letu liko kwenu, na wewe ndiye unayepokea mafaili. Naomba ulisome tu, dada. Ukurasa baada ya ukurasa, kama ulivyokuwa ukisoma barua zangu za siri.

Mume wangu anakusalimu. Anasema hana kinyongo nawe, jambo linalonikera.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Kifua hakijambo, funguo ninazo. Nimefurahi kwamba umenenepa. Mapenzi na uvivu hulala kitanda kimoja.

Ngoja nikuelimishe. Bwana Kioo wenu ana shahada mbili na chombo cha kupimia kinachosimama kwa miguu mitatu. Mumeo ana bisibisi. Nikitaka kuwaweka hao wawili kwenye mizani, samahani, sioni haja ya mizani. Kila mwaka napokea mafaili arobaini ya vijiji. Kila kijiji kina bingwa mmoja anayejua kuliko wahandisi, na kila bingwa ana mke anayemsadiki.

Faili lenu limekaguliwa na kupigwa muhuri. Mwisho wa Aprili fedha zinatoka na uchimbaji unaanza. Tena mlikubali wenyewe: imeambatishwa orodha ya wanakijiji sitini na watatu waliosaini kuiafiki ramani. Kanuni inasema zaidi ya nusu ya hao hao wakiikataa kwa maandishi, faili linarudi mezani. Haijawahi kutokea. Watu wa vijijini husaini kama wanavyopiga chafya, kisha hushangaa kwamba wana mafua.

Ulisoma hadi kidato cha nne, ukaenda kuolewa na mtaro. Sawa. Kula vizuri.

Dada yako


17 Machi

Dada,

Naanza na afya, maana mama alitufundisha hivyo hata tukiwa tumenuniana. Mimi mzima. Nakuombea nawe uwe hivyo.

Nimeulizia hiyo orodha. Ni orodha ya soda. Bwana Kioo alimwachia Mwenyekiti kreti tatu, watu wakaambiwa, "Saini hapa, chukua chupa." Hapakuwa na mkutano wala ramani, palikuwa na jua. Jina la kumi na saba ni la mume wangu. Nilipomuuliza aliangalia vidole vya miguu yake akasema, "Ilikuwa ya baridi, mke wangu." Nilimnunia tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi. Ndio muda mrefu kuliko wote niliowahi kuweza.

Kisha tukapima. Sisi hatuna chombo cha miguu mitatu. Tuna mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ambao mafundi husawazishia kuta. Unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii, mwenzake ile, na maji husimama usawa mmoja pande zote mbili, uwe na shahada au usiwe nayo. Tulianzia panapotakiwa kuchimbwa mabwawa, tukateremka kipande kwa kipande hadi chemchemi. Yeye alitia alama kwenye fito, mimi nikaandika.

Ilituchukua siku nzima, na sijawahi kuwa na siku nzuri kama ile. Yeye kule, mimi huku, mpira katikati yetu umelala kwenye majani. Ananiuliza, "Yametulia?" Nami namjibu, "Bado," hata yakiwa yametulia zamani, ili aendelee kunitazama.

Jumla ni mita kumi na nne. Chemchemi iko mita kumi na nne chini ya mabwawa, na udongo wa kule juu ni mchanga mtupu. Alimwaga ndoo ya maji kwenye shimo, yakanywewa kabla hajaikung'uta. Mabwawa yatavuja, dada, na yakivuja tutainywa zahanati yote pamoja na bandeji zake. Mahali panapofaa ni kule bondeni, ng'ambo ya shule, chini ya chemchemi. Hata mbuzi wanajua maji yanaelekea wapi.

Karatasi ya vipimo nimeiweka humu. Ikiwa mume wangu hastahili mizani yako, pima hiyo.

Mdogo wako, mke wa bisibisi


2 Aprili

Dada yangu,

Hujambo? Nauliza kweli. Dereva wa lori la maziwa, anayetuletea barua, amepita mara nne na kila mara ananionyesha viganja vitupu.

Kwa kuwa hukujibu, nimeifuata kanuni yako. Nimezunguka nyumba kwa nyumba na karatasi ya kuikataa ramani. Bibi mmoja aliniuliza, "Safari hii kuna soda?"

"Hakuna, bibi."

"Basi nasaini ya nini?"

"Ili maji ya kunywa yabaki maji."

Akaniangalia, akaangalia mtungi wake, akasema, "Wangeniambia hivyo mwanzo ningewarudishia chupa yao." Akasaini.

Mwenyekiti hakusaini. Aliniambia, "Binti, umekuja juzi na godoro lako, leo unatufundisha kilima chetu?" Nilimpa shikamoo yake, kisha nikamwambia godoro langu limekuja kukaa, na hiyo chemchemi nitainywa miaka mingi kuliko yeye. Ramani iko ukutani nyuma yake. Ameibandika kichwa chini miguu juu. Siku niliyoisoma nilipindisha shingo hadi ikauma. Yeye hajagundua hadi leo.

Wamesaini hamsini na mmoja. Wa kwanza ni mume wangu, na ameandika kwa herufi kubwa kama mtu anayeomba radhi. Nakutumia karatasi yenyewe, nakala sina. Ukiitupa, imetupwa.

Nimekudharau wiki mbili hizi, dada, na sikuona raha. Nilizoea kujivunia kwamba wewe ndiye mwenye funguo.

Mdogo wako


13 Aprili

Mdogo wangu,

Mwili mzima, kifua kimetulia. Mengine nitakuambia yalivyo.

Barua yako ya vipimo sikuisoma hadi mwisho. Niliiweka chini ya kikombe. Ina duara la chai hadi sasa. Lakini saini zilipofika, kanuni ilinilazimu kulitoa faili, na kwa mara ya kwanza nikalisoma.

Ukurasa wa tisa unasema majitaka yenu yanatoka kwenye soko la samaki. Nilikuja huko siku ya harusi yako, na samaki pekee niliyemwona alikuwa ndani ya kopo. Ukurasa wa kumi na moja una jina la kijiji kingine, alisahau kulifuta. Bwana Kioo alichukua mpango wa watu wa ziwani akaubadilisha jalada. Shahada mbili hizo.

Nikakimbilia ukurasa wa mwisho kumtafuta mjinga aliyelikagua. Muhuri ni wangu. Mkono ni wangu. Nililigonga bila kulisoma, kwa sababu aliyelileta alikuwa amevaa tai. Watu wenu walisaini kwa soda. Mimi hata soda sikupewa.

Nimeandika hayo yote kwenye karatasi moja, nikaiweka juu ya saini zenu, nikampelekea mkurugenzi. Alisoma, akanyoosha mkono, nikampa funguo. Kama zitarudi sijui. Ila uchimbaji umesimamishwa. Fedha zenu zitabaki zenu iwapo mahali papya patapimwa mbele ya mtu wa ofisi na vipimo kufika hapa tarehe thelathini. Ilipoulizwa nani aende, kila mtu hapa ofisini aliangalia dari. Nikanyoosha kidole.

Kwa hiyo kabla mwezi huu haujaisha nitakuja, na Bwana Kioo namleta. Ameamriwa kushuka garini. Kama ana viatu vya kutembelea sijui. Yeye atabeba fito.

Mwambie shemeji autoe mpira. Wewe pumzika, ncha moja nitaishika mimi. Na akiniuliza kama maji yametulia, nitamjibu ukweli.

Dada yako