Majani ya Chini ya Mkorosho

Likoni, Jumapili. Jua kali baada ya manyunyu ya asubuhi. Moyo wangu mzito.

Leo tumemsomea Mwanaisha hitma ya arobaini. Binti yangu wa miaka saba. Homa ilimwondoa mvua za vuli zilipoanza.

Tangu siku ile sikuifagia pembe ya uwanja iliyo chini ya mkorosho. Hapo ndipo alipokuwa akilala kifudifudi, chelewa ya fagio mkononi, akifunua majani makavu moja moja. Chini yake waliishi sisimizi wake, weusi, warefu, wanaotembea na taya wazi. Akimgusa mmoja, taya hujifunga ta! na mdudu mwenyewe hurushwa nyuma. Mwanaisha akicheka mpaka kwikwi. Nami huacha sufuria jikoni nikaenda kulala kando yake, mtu mzima, kanga imejaa vumbi. Alinionya nisipumue kwa nguvu, wasije wakakimbilia wote ndani ya kifuu cha nazi kilichooza walimofanya nyumba.

Asubuhi nilikuwa napika pilau ya wageni. Nilipotoka nje, uwanja ulikuwa mweupe. Mavyaa, mamake mume wangu, alikuwa ameufagia wote, na majani yanaungua karibu na ua.

"Mwanangu, watu watakuja kusoma, wakute jaa?"

Alifanya kwa wema. Nilijua, na wallahi bado nilitamani kumpokonya lile fagio.

Kifuu kilikuwa motoni.

Siku ya mazishi sikulia. Nimelia leo, mbele ya moto wa takataka, upawa mkononi. Mavyaa akashangaa, nikamweleza yote.

Wageni wakaja, wakasoma, wakala, wakazungumza habari za uhuru na bendera mpya, wakaenda zao. Baada ya alasiri nikamwona mavyaa anarudi kutoka shamba la jirani, ungo wa majani ya mkorosho kichwani. Akayamwaga palepale. Akavua buibui, akashika kiuno chake kibovu, akashuka taratibu mpaka akalala kifudifudi.

"Njoo unionyeshe alivyokuwa akifanya mjukuu wangu."

Nikalala kando yake. Tumefunua jani baada ya jani. Jongoo mmoja, basi. Sisimizi hatukumwona.

Kesho tutafunua tena, inshallah. Sijui kama watarudi, na sijui nitafanya nini wasiporudi.

Kilio kiliponishika tena pale chini, mavyaa aliniwekea mkono mgongoni, macho yake bado kwenye majani.

"Taratibu, mwanangu," akaninong'oneza. "Usipumue kwa nguvu."