Doa Ndani ya Almasi

Mpendwa Kemunto,

Barua yako imetukuta wazima hapa Nyansiongo, na ng'ombe wetu amezaa. Unauliza kama ununue pete ambayo cheti chake kinasema almasi ina doa.

Nilipokuwa msichana nilifanya kazi kwa memsabu mmoja hapa. Siku moja alidai nimebadilisha almasi yake kwa bandia. Mumewe akaleta cheti na lenzi.

"Njoo utazame," akaniambia.

Ndani ya jiwe kulikuwa na doa kama unyoya, vilevile lilivyochorwa kwenye cheti. Lilielea kwenye mwanga kama ukungu wa asubuhi juu ya majani chai, nikasahau kulia. Memsabu akasema, "Nisamehe."

Lilinganishe jiwe na cheti kwa macho yako, mjukuu wangu. Doa usiliogope. Lile ndilo lililonitetea.

Nyanya yako