Daftari la Misiba

Jumamosi. Hapa Uyole manyunyu yameanza alfajiri na hayaonyeshi dalili ya kuacha. Nimevaa sweta mbili na bado nasikia baridi. Nimesali, nikasali tena. Kichwa hakijakaa sawa.

Naandika kwa sababu nimeshindwa kumwambia mtu uso kwa uso.

Mimi ni katibu wa akina mama wa jumuiya yetu. Tuna daftari la misiba. Kila mama akijiunga anaandika kwao ni wapi, njia ya kufika na nani atatupokea, ili siku akifiwa tusianze kuulizana. Tunabeba mchele na masufuria yetu, tunakwenda, tunapika, tunamlilia mtu wake. Wenzetu sita kwao ni Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Tumeshavuka kuzika huko mara nyingi. Askari wa mpakani akiona vitenge vyetu vya sare alikuwa anasema tu, "Poleni mama," tunapita.

Siku hizi hakuna pole. Umekuja utaratibu mpya: karatasi ya kibali yenye picha, au unarudi ulikotoka. Njia za panya zimefungwa. Na huku mitaani yanatakiwa majina ya wote waliotoka ng'ambo.

Wiki mbili zilizopita mwenyekiti wa mtaa alikuja kwangu. Mtu mpole, tunasalimiana vizuri. Akasema, "Mama Tuma, wewe ndiye mwenye kumbukumbu. Nisaidie majina ya hao wa ng'ambo, tuwawekee sawa mapema wasije kusumbuliwa."

Nikampa daftari.

Sikumpa kwa ubaya, Mungu anajua. Nilidhani nawasaidia. Akanakili palepale mezani kwangu, huku anakunywa chai yangu ya tangawizi.

Siku chache baadaye wale sita wakaitwa ofisini, wakasomewa majina kama yalivyo daftarini, wakaulizwa waliingia lini na kwa ruhusa ya nani. Mama Atupele, aliyezaa watoto wanne hapahapa Uyole, akaambiwa akivuka bila karatasi asitegemee kurudi. Na mama yake mzazi yuko huko, mgonjwa wa kulishwa, anamuulizia kila siku. Akienda, watoto wake watabaki huku. Asipoenda, mama atakufa hajamwona.

Jana tulikuwa na kikao. Huwa tunakaa duara. Jana wale wa ng'ambo walikaa pamoja karibu na mlango, na hakuna aliyewapanga. Mama Lusajo, ambaye akiwa na neno halilali ndani, akasema, "Afadhali mpaka ukazwe. Ng'ombe wangu alivushwa, nikamwona kwa macho kwenye mnada wa kule. Wezi watavuka mpaka lini?"

Mama Atupele akamjibu taratibu. "Mwizi gani alikupikia siku tatu ulipofiwa na mumeo?"

"Mimi sijakutaja, mwenzangu."

"Kwenye orodha ya mwenyekiti nimetajwa."

Akaja mbele, akaniomba daftari. Akachana ukurasa wake, akaukunja, akautia kifuani. "Katibu, mimi nikifiwa msije."

Wale watano wakapanga mstari nyuma yake, kama wanakwenda kutoa sadaka. Kila mmoja akachana wake.

Nimebaki nalo hapa, limelegea katikati kama mdomo wa kibogoyo. Ng'ombe wa Mama Lusajo aliibwa kweli. Serikali haiwezi kuacha mto wazi kwa kila mtu. Mchungaji ametufundisha kuwatii wenye mamlaka, akatufundisha pia kumpokea mgeni. Hakutufundisha ufanyeje siku mambo hayo mawili yakikutana mlangoni kwako. Ila mgeni ni nani, mtu tuliyemlilia mama zake na baba zake?

Sasa niseme lile lililonikosesha usingizi.

Ukurasa wa kwanza wa daftari ni wangu. Niliandika kwetu ni Kyela, na Kyela nilizaliwa kweli. Lakini mama yangu alizaliwa ng'ambo. Bibi aliyenilea amezikwa huko, nyuma ya migomba ya mjomba. Sikuandika. Enzi zile nilidhani haina maana. Siku mwenyekiti ananakili, kidole chake kilipita juu ya jina langu kikaendelea chini, na mimi niliona.

Nikamwongezea chai.

Leo nimeandika ukurasa wangu upya: jina la kijiji cha bibi, kivuko, na mjomba atakayetupokea. Ofisi inafunguliwa Jumatatu. Nataka niende na Mama Atupele nikamtolee ushahidi apate hiyo karatasi, na wakiniuliza kwetu, nifungue daftari hapohapo.

Lakini kabla ya Jumatatu kuna ibada. Yeye hukaa benchi la tatu, upande wa dirisha. Kesho nitakwenda kusimama pembeni yake na daftari mkononi. Sijui kama atasogea nipate pa kukaa.